Seva moja ya Linux ofisini: ipe kazi zipi, na zipi uziweke kwingine

SWALI: Ofisi yetu ina watu 15. Tumepata kompyuta imara yenye RAM ya GB 16 na diski mbili za TB 2 kila moja, na tumeamua kuiwekea Linux iwe seva. Nimesoma kwamba programu huria zinafanya karibu kila kitu: kutunza mafaili, tovuti, hifadhidata, barua pepe, DNS (kutafsiri majina kuwa anwani za IP), VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje) na mengine. Je, niweke vyote kwenye mashine hii? Na kwa kila kazi nitumie programu ipi?

JIBU: Usiweke vyote, ndugu. Linux haitakuzuia kusakinisha Samba (mafaili), nginx (tovuti), PostgreSQL (hifadhidata), Postfix (barua pepe) na dnsmasq (DNS) jioni moja, na zote zitawaka. Shida itakuja siku mojawapo itakapojaza diski au kumaliza RAM, na nyingine nne zianguke nayo bila kosa lao. Kabla ya kuuliza programu ipi, kila kazi iulize maswali mawili. Ikisimama saa nzima, nani atashindwa kufanya kazi? Na je, inapokea maombi kutoka kwa yeyote aliye kwenye intaneti, au ni ya watu wa ofisini tu? Kazi zenye majibu yanayofanana zinaweza kukaa pamoja. Zenye majibu tofauti zitenganishe.

Kwa hali yako ningeipa mashine hiyo mafaili, hifadhidata pamoja na programu za ndani zinazofunguliwa kwa kivinjari, na VPN. DHCP, huduma inayovipa vifaa anwani za mtandao, ibaki kwenye ruta. Barua pepe na tovuti ya umma zikae nje kabisa. Bekapu (nakala za akiba) iende kwenye mashine nyingine.

Anza na mfumo wenyewe: Debian, au Ubuntu Server toleo la LTS (la msaada wa muda mrefu), ambalo hupata masasisho ya usalama kwa miaka 5. Sakinisha bila mazingira ya dirisha na kipanya. Hayana kazi hapo, na kila programu isiyohitajika ni programu ya kusasisha. Ukikuta mwongozo unaoanza na CentOS 7, uache, kwa sababu toleo hilo liliacha kupata masasisho tarehe 30 Juni 2024. Wanaopenda familia hiyo sasa hutumia AlmaLinux au Rocky Linux. Wakati wa kusakinisha, unganisha diski zako mbili kwa RAID 1, yaani kila kitu kiandikwe kwenye zote mbili. Utabaki na nafasi ya TB 2, si 4, lakini diski moja ikifa kazi inaendelea. Hakikisha tu kwamba mdadm, programu inayosimamia RAID hiyo, ina njia ya kukutumia taarifa. Vinginevyo diski ya kwanza itakufa kimya, na utajua siku ya pili itakapoifuata.

Sasa mafaili. Programu yake ni Samba, kwa sababu Windows na macOS huifikia bila kusakinishiwa chochote. Kama kompyuta zote zingekuwa za Linux, NFS, njia ya Linux na Unix ya kugawana mafaili, ingefaa zaidi. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kugawa folda moja kwa watu wote, kisha kutoa `chmod 777` (ruhusa zote kwa kila mtu) mtu anapolalamika kwamba faili halifunguki. Fanya kwa makundi tangu mwanzo. Tuseme una kundi la uhasibu na mtumiaji anayeitwa asha:

```
groupadd uhasibu
useradd -M -s /usr/sbin/nologin asha
usermod -aG uhasibu asha
smbpasswd -a asha
mkdir -p /srv/uhasibu
chgrp uhasibu /srv/uhasibu
chmod 2770 /srv/uhasibu
```

Kisha ongeza haya mwishoni mwa `/etc/samba/smb.conf`:

```
[uhasibu]
   path = /srv/uhasibu
   valid users = @uhasibu
   read only = no
   force create mode = 0660
   force directory mode = 2770
   vfs objects = recycle
   recycle:repository = .taka
   recycle:keeptree = yes
```

Endesha `testparm` ikague ulichoandika, halafu `systemctl restart smbd`. Tarakimu 2 iliyotangulia 770 ndiyo yenye uzito: hufanya kila faili jipya lirithi kundi la folda badala ya kundi la aliyeliandika. Ikikosekana, asha ataandika faili, mwenzake ataliona jina lake kwenye orodha, na akilibofya atakataliwa. Hapo ndipo watu hukimbilia 777.

Nywila ya Samba na nywila ya Linux ni vitu viwili. Samba ina hazina yake yenyewe, ndiyo maana `useradd` peke yake haitoshi. Mtu uliyemwongeza kwenye kundi leo hataingia kwenye folda mpaka akate muunganisho na kuunganisha upya. Windows nayo haikubali kompyuta moja ifungue folda za seva ileile kwa majina mawili tofauti ya mtumiaji kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukijaribu akaunti ya mwenzako kwenye mashine yako bila kutoka kwanza, utapata kosa ambalo halihusiani na seva hata kidogo.

Mistari mitatu ya mwisho ni pipa la taka. Faili linalofutwa kupitia mtandao halipitii pipa la Windows, hupotea moja kwa moja, na mistari hiyo huliweka ndani ya `.taka`. Pipa hilo halijisafishi, basi weka kazi ya cron (kipanga ratiba cha Linux) ya kila usiku: `find /srv/uhasibu/.taka -type f -ctime +30 -delete`. Tumia `-ctime`, usitumie `-mtime`. Faili la mwaka jana lililofutwa leo bado lina tarehe ya kuandikwa ya mwaka jana, na `-mtime` ingelimaliza usiku uleule.

Kama ofisi ina mashine ya zamani ya kunakili inayotuma skani kwenye folda, huenda ikakataa kabisa. Tangu Samba 4.11 ya mwaka 2019, itifaki ya zamani ya kugawana mafaili, SMB1, imezimwa kwa chaguomsingi. Usiirudishe kwa ajili ya kifaa kimoja. WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kupitia kasoro ya SMB1 ndani ya Windows, na itifaki hiyo haina ulinzi wa kisasa popote inapotumika. Elekeza mashine hiyo itume skani kwa barua pepe.

Samba inaweza pia kuwa kidhibiti cha kikoa cha Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kutunza akaunti zote mahali pamoja), uwezo uliokuja na Samba 4.0 mwishoni mwa mwaka 2012. Kwa watu 15, ifanye tu kama unahitaji kweli kila mtu aingie kwenye kompyuta yoyote kwa akaunti moja. Ukifika huko, kidhibiti kikae kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya seva) yake, mbali na folda za mafaili, na saa za mashine zote zilingane kwa chrony, programu ya kusawazisha saa. Kerberos, itifaki ya kuingilia inayotumiwa na Active Directory, hukataa kuingiza mtu ambaye saa ya kompyuta yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, na ujumbe unaotokea humfanya adhani amesahau nywila.

Hifadhidata na programu za ndani huenda pamoja, kwa kuwa moja bila nyingine haina maana. Kati ya PostgreSQL na MariaDB, chagua ile ambayo programu yako ya hesabu au ya wateja imejengwa kwayo; usihamishe programu kwa ajili ya mapenzi ya hifadhidata. Mbele yake weka nginx ipokee maombi yote ya poti (milango ya mtandao yenye namba) 80 na 443, kisha iyagawe kwa programu husika kulingana na jina lililoombwa. Apache inafanya kazi hiyohiyo vizuri, hasa kwa programu za lugha ya PHP zinazotegemea mafaili ya `.htaccess`, ambayo nginx haiyasomi.

Hapa ndipo GB 16 zinahitaji hesabu. PostgreSQL huja na `shared_buffers` (RAM inayojitengea) ya MB 128, ambayo ni ndogo sana. Nyaraka zake hupendekeza robo ya RAM kwa mashine isiyo na kazi nyingine, lakini yako ina kazi nyingine, kwa hiyo GB 2 zinatosha. Upande wa PHP, `pm.max_children` (idadi ya juu ya michakato yake) ndiyo inayoamua. Programu ya kawaida hutumia kama MB 80 kwa kila mchakato, hivyo michakato 20 ni GB 1.6, na michakato 200 ni GB 16 nzima. Watu hunakili namba 200 kutoka kwenye mwongozo wa seva kubwa, na siku ya mwisho wa mwezi kila mtu anapofungua ripoti, RAM inaisha. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikikosa RAM kabisa huua mchakato mmoja ili kuokoa mingine, na mara nyingi anayechaguliwa ni mlaji mkubwa, yaani hifadhidata. Kama hifadhidata imejizima bila maelezo, tazama `journalctl -k | grep -i "out of memory"` kabla ya kulaumu kitu kingine. Na usiogope ukiona `free -h` inaonyesha karibu RAM yote imetumika. Soma safu ya `available`: sehemu kubwa ya kinachoonekana kimetumika ni mafaili yaliyosomwa karibuni, ambayo kerneli huyaachia papo hapo nafasi inapohitajika.

Hifadhidata isisikilize mtandao kama programu inayoitumia iko mashine hiyohiyo. PostgreSQL hufanya hivyo yenyewe, husikiliza `localhost` tu. Ila ukiiendesha ndani ya Docker (programu ya kuendesha nyingine ndani ya makontena) kwa `-p 5432:5432`, umeifungua kwa yeyote anayeifikia seva, na sheria zako za `ufw` (ukuta wa moto) hazitaizuia, kwa sababu Docker huandika sheria zake zinazotangulia zile za `ufw`. Andika `-p 127.0.0.1:5432:5432`. Kosa hili ni la kimya kweli: `ufw status` itakuonyesha poti imefungwa huku ikiwa wazi. Jaribu kutoka mashine nyingine, usiamini orodha.

Ukitaka folda zinazofikika kwa simu na kalenda ya pamoja, Nextcloud inafaa. Iendeshe juu ya MariaDB au PostgreSQL, kamwe si SQLite, na usiiache nyuma bila kuisasisha, maana hairuhusu kuruka toleo kubwa. Aliye nyuma kwa matoleo manne atapanda ngazi zote nne moja baada ya nyingine.

Kwa wanaofanya kazi wakiwa nje, VPN ya kutumia ni WireGuard. Imo ndani ya kerneli tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, hutumia poti moja tu ya UDP, kwa kawaida 51820, na haimjibu kabisa asiye na ufunguo, hivyo wanaopekua intaneti hawaioni. Kila huduma ya ndani ifikiwe kupitia humo. Poti 445 ya Samba isifunguliwe kwenye ruta hata kwa siku moja. Jambo litakalokusumbua ni anwani: kama ofisi inatumia 192.168.1.0/24 na ruta ya nyumbani kwa mfanyakazi inatumia anwani hizohizo, kompyuta yake itaitafuta seva ndani ya nyumba yake. VPN itaonekana imeunganishwa na hakuna kitakachofunguka. Badilisha mtandao wa ofisi uwe kitu kisicho cha kawaida, mfano 10.37.20.0/24, na ufanye hivyo mapema kabla printa na vifaa vingine havijazoea anwani za zamani. Wanaounganisha kupitia simu waongezewe `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo njia hujifunga wakikaa kimya.

DNS na DHCP zinaonekana ndogo, na ndizo zinazosimamisha ofisi nzima zikianguka. Seva ikizimwa kwa matengenezo, kifaa chochote kinachoingia hakipati anwani. Windows itajipa ile inayoanza na 169.254 na mtu atasema intaneti imekatika. Ndiyo maana nasema DHCP iache kwenye ruta. Ukihitaji kweli kuihamisha, dnsmasq inatosha kwa ofisi ya ukubwa wako, na Kea ni kwa mtandao mkubwa zaidi. ISC DHCP ya zamani iliacha kuendelezwa mwaka 2022. Lakini zima DHCP ya ruta kwanza. Zikiwa mbili, kila kifaa huchukua jibu lililowahi, basi kompyuta tatu zitakuwa sawa na ya nne haina mtandao, na kesho itakuwa kinyume.

Kwenye Ubuntu, dnsmasq itakataa kuwaka mara ya kwanza na kudai anwani inatumika tayari. Endesha `ss -lntup | grep ':53'` na utamwona aliyekalia poti hiyo: systemd-resolved, huduma ya Ubuntu yenyewe ya kutafuta majina, kwenye 127.0.0.53. Weka `DNSStubListener=no` ndani ya `/etc/systemd/resolved.conf`, ianzishe upya, kisha elekeza kiungo cha `/etc/resolv.conf` kwenye `/run/systemd/resolve/resolv.conf`. Ukisahau hatua hiyo ya mwisho, seva yenyewe itashindwa kutafuta majina na hata `apt update` itagoma.

Kuhusu barua pepe, jibu langu ni hapana. Programu zipo na ni bora: Postfix husafirisha, Dovecot huwapa watumiaji masanduku yao, Rspamd huchuja taka. Kinachokushinda kiko nje ya seva. Watoa huduma wengi wa intaneti hufunga poti 25. Rekodi ya PTR, inayotafsiri anwani yako ya IP kuwa jina, humilikiwa na mwenye anwani, yaani mtoa huduma, si wewe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinadai PTR halali pamoja na SPF au DKIM (njia za kuthibitisha mtumaji) kwa kila anayetuma, na kwa wanaotuma kwa wingi zinataka vyote pamoja na DMARC (sera kuhusu barua zisizothibitika). Utakosa kimoja, barua zako zitaingia kwenye taka, na mteja hatakuambia. Nunua huduma ya barua pepe kwingine. Postfix isakinishe kwa kazi moja tu, ya kupeleka taarifa za seva kwako kupitia huduma hiyo, kwa poti 587.

Tovuti ya umma iwe kwenye seva ya kukodi, hata ndogo yenye RAM ya GB 1 au 2. Tovuti hupigwa na roboti usiku na mchana, na programu jalizi moja iliyopitwa na wakati humpa mvamizi mahali pa kusimama. Akisimama kwenye seva ya kukodi ameipata tovuti. Akisimama kwenye mashine yako ya ofisini, yuko chumba kimoja na hesabu zenu. Vyeti vya HTTPS vya Let's Encrypt hudumu siku 90 na certbot, programu inayoviomba, huvihuisha yenyewe, mradi poti 80 iko wazi. Aliyeifunga baada ya kusakinisha atagundua cheti kinapokwisha. Jaribu `certbot renew --dry-run` leo. Kwa majina ya ndani yasiyofikika kutoka nje, thibitisha kwa rekodi ya DNS badala ya poti 80.

Squid, proksi inayokaa kati ya ofisi na intaneti, watu bado huuliza. Zamani iliokoa intaneti kwa kuhifadhi kurasa; sasa karibu kila kitu ni HTTPS, haioni kilichomo, na faida iliyobaki ni kuzuia tovuti kwa majina. CUPS kwa printa ni nzuri na haili rasilimali. Redis, hifadhidata inayokaa kwenye RAM, mkiihitaji, jua kwamba iliacha leseni huria Machi 2024 (ikarudisha chaguo huria la AGPLv3 mwaka 2025), na Valkey ilichipuka kutoka kwake chini ya Linux Foundation ikabaki huria; kwa programu nyingi inaingia mahali pake bila kubadili kitu.

Unaweza pia kusakinisha Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe unaojengwa juu ya Debian, na kuipa kila kazi mashine pepe au kontena lake. Kwa GB 16 inawezekana: Samba GB 2, hifadhidata na programu GB 6, VPN nusu GB, na zinazobaki kwa mwenyeji na majaribio. Faida kubwa ni kuhifadhi hali nzima ya mashine (snapshot) kabla ya sasisho kubwa na kurudi nyuma likiharibika. Kama hujawahi kuendesha Linux, anza bila tabaka hilo. Kama umewahi, anza nalo, maana kuhama baadaye ni kusakinisha upya kila kitu.

Bekapu itangulie kazi ya pili, yaani kabla hujaweka kitu chochote baada ya Samba. RAID si bekapu: ukifuta folda, inafutwa kwenye diski zote mbili sekunde hiyohiyo. Tumia restic au BorgBackup kila usiku kwenda mashine nyingine, na nakala moja ya ziada iwe nje ya jengo. Hifadhidata usiichukue kwa kunakili mafaili yake ikiwa inaendelea kufanya kazi, kwa sababu utapata nakala iliyokatika katikati ya maandishi. Kwanza `pg_dump -Fc`, au `mariadb-dump --single-transaction` kwa jedwali za InnoDB (aina ya kawaida ya MariaDB), halafu restic ichukue faili hilo. Jumuisha `/etc`. Nywila ya restic iandikwe mahali pengine nje ya seva, kwani bila hiyo nakala zote ni kelele tupu. Na kila mwezi rudisha kitu halisi: `restic restore latest --target /tmp/jaribio`, kisha fungua faili ulisome.

Kinachoangusha seva ndogo mara nyingi zaidi ya wavamizi ni diski kujaa. Weka kikomo kwa `SystemMaxUse=1G` ndani ya `journald.conf`, na upate taarifa nafasi ikifika asilimia 80. Kama `df -h` inaonyesha nafasi ipo lakini hakuna kinachoandikika, tazama `df -i`. Mamilioni ya mafaili madogo yamemaliza orodha ya mafaili kabla ya nafasi yenyewe. Na kama umefuta logi ya GB 40 na nafasi haijarudi, kuna mchakato bado umeishikilia. `lsof +L1` itakutajia jina lake, na kuuanzisha upya kutaachia nafasi.

Ukimaliza yote, chagua jioni moja ofisi ikiwa tupu, uzime mashine na kuiwasha bila kugusa kibodi. Kisha jaribu kila huduma kutoka kompyuta ya kawaida na usome `systemctl --failed`. Huduma isiyorudi wala kuonekana kwenye orodha hiyo uliianzisha kwa mkono na kusahau `systemctl enable`. Isahihishe jioni hiyohiyo, kisha izime na kuiwasha tena.